Unataka kununua skana ya nyumbani au ofisini? Anza na karatasi zako kwanza

Watu wengi wakitaka skana wanauliza swali moja tu, "skana gani nzuri?", halafu muuzaji anawasomea namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi, 4800 dpi, 6400 dpi (yaani wingi wa nukta katika inchi moja), hela inatoka na mzigo unabebwa. Ile namba kwa kazi za watu wengi haisaidii chochote. Skana inachaguliwa kwa kuangalia karatasi ulizonazo, ukubwa wake, unene wake, wingi wake na hali yake, maana skana anayoifurahia mpiga picha mwenye negativu za zamani itamtesa karani wa masijala mwenye makabati ya mafaili mpaka darini, na ile ya masijala inaweza kuchana cheti cha ubatizo cha bibi kilichokunjwa tangu enzi hizo. Kwa hiyo tunaanzia kwenye karatasi, dukani tutafika baadaye.

Hatua ya 1: weka karatasi zako mezani uzigawe mafungu

Siyo za kufikiria, zile zenyewe. Toa kwenye mabahasha na mafaili, weka mezani. Utaona kuna fungu la A4 safi za kawaida kama ankara, barua na mikataba, kuna vitu vidogo kama kitambulisho cha NIDA, leseni, kadi ya gari na pasipoti, kuna vilivyoshonwa kama leja, vitabu na daftari la mihutasari ya kikundi, kuna makaratasi ya zamani yaliyokunjika na kulegea kwenye mikunjo, na kuna picha. Sasa jiulize fungu lipi ni kubwa na kwa mwezi linaongezeka kurasa ngapi hivi. Hilo fungu kubwa ndo linalokuchagulia skana, yale madogo utayatafutia njia nyingine.

Halafu chukua rula. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu sijawahi kusikia muuzaji akilitaja: karatasi za fulskepu. Kioo cha skana nyingi za kawaida ni kama milimita 216 kwa 297, yaani A4 basi. Fulskepu ina urefu wa milimita 330 hivi, imezidi kwa sentimita tatu na kitu, na hati nyingi za zamani za mauziano ya viwanja, viapo na mikataba ya pango zilichapwa kwa taipureta kwenye karatasi hizo hizo. Ukiilaza kwenye kioo cha A4 kinachokatika ni kipande cha chini, na chini ndo kwenye sahihi za mashahidi na mhuri wa wakili. Kama una fungu la namna hiyo unahitaji skana inayovuta karatasi, nyingi zinafika urefu wa milimita 356 na zaidi, au skana ya kioo cha A3 ambayo bei yake imechangamka.

Risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, nazo zipe fungu lake. Zile karatasi zinachapwa kwa joto, hazina wino, kwa hiyo zinafifia zenyewe hata ukizitunza vizuri, na ukiziacha kwenye gari juani zinakufa haraka zaidi. Mwenye duka au kampuni ndogo anayetaka kumbukumbu zake zisomeke ukaguzi wa kodi ukija miaka ya mbele aziskani zikiwa bado nyeusi.

Hatua ya 2: hakikisha kweli unahitaji skana

Kama kazi yako ni kurasa chache kwa mwezi na zote ni A4 za kawaida, simu inatosha, usinunue kitu. Google Drive kwenye Android ina sehemu ya kuskani ndani yake, iPhone ina kwenye Notes, na Adobe Scan ipo kwenye zote mbili. Laza karatasi juu ya kitu cheusi ili programu iione mipaka yake, kaa karibu na dirisha mchana, zima flashi, shika simu iwe sawa juu ya karatasi siyo kwa pembeni. Ila programu za kuskani usipakue tu yoyote inayojitokeza. Mwaka 2019 Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, waligundua kwamba CamScanner, programu ya kuskani, ya Android ilikuwa na kipande chenye nia mbaya ndani yake, Google wakaiondoa dukani kwao mpaka ikasafishwa, na hiyo ilikuwa programu maarufu yenye watumiaji wengi sana, sasa fikiria zile zisizojulikana ambazo unazipigia picha pasipoti yako.

Angalia pia printa uliyonayo. Mtu ana Epson L3250 mezani, ile ya tanki za wino ambayo imejaa kwenye maofisi na steshenari zetu, halafu anatafuta skana ya kioo ya bei sawa na hiyo. Tayari anayo, ile ya juu ya printa inaskani mpaka 1200 dpi na kwa nyaraka hiyo inazidi mahitaji. Tahadhari moja tu kwa wanaotaka kununua printa ya kazi zote: baadhi zinagoma kuskani wino ukiisha, hata kama kuskani hakutumii wino. Muulize muuzaji kabla, na kama hajui mwambie atoe katriji moja ajaribu mbele yako.

Hatua ya 3: chagua aina

Hapa ndo pa kutulia.

Skana ya kioo ni ile unayofunua mfuniko na kulaza karatasi. Inapokea karibu kila kitu, vyeti vyenye laminesheni, picha, pasipoti, karatasi iliyochanika, lakini ni ukurasa mmoja mmoja, fungua, laza, funga, subiri, na ukiwa na kurasa mia mbili siku imeisha. Ndani ya aina hii kuna mbili ambazo kwa nje hazionyeshi tofauti, ila kwenye matokeo tofauti ni kubwa.

Ya kwanza ni CIS. Macho yake madogo yamepangwa kwenye mstari unaokaribia kabisa kugusa kioo na yanamulikwa na taa za LED, hakuna vioo vya ndani, hakuna lenzi kubwa, ndo maana skana inakuwa nyembamba na nyepesi, na nyingi zinakula umeme wa USB tu. Canon LiDE 300 na LiDE 400 ni za hivi, Epson Perfection V39 pia. Ya pili ni CCD, hii ina taa, vioo na lenzi inayokusanya picha kwa mbali kidogo, ni nene, ni nzito, inataka umeme wake wa ukutani, mfano ni Epson Perfection V600.

Jaribio lake ni rahisi na linafanyika dukani. Nenda na kamusi au kitabu chochote kinene, kifungue katikati, kilaze kwenye kioo, skani bila kukikandamiza. Kwenye CIS maneno yaliyo karibu na mshono wa kitabu yanaingia ukungu mpaka hayasomeki, kwa sababu jicho lake linaona vizuri kile tu kilichogusa kioo, ukurasa ukinyanyuka milimita chache basi. Kwenye CCD ile sehemu inakuwa na kivuli na mistari inapinda, lakini herufi unazisoma. Kwa hiyo kama fungu lako kubwa ni leja zilizoshonwa, rejista za shule, au makaratasi yaliyokunjamana ambayo hayakubali kulala, tafuta CCD. Kama ni A4 zilizonyooka, CIS inatosha kabisa, na umeme ukikatika unaendelea na laptopu yako. Negativu na slaidi za zamani pia ni kazi ya skana yenye taa kwenye mfuniko kama hiyo V600, ya CIS ya kawaida haiziwezi.

Skana ya kuvuta, wengi wanaita ya fida, unapanga karatasi kwenye trei inazivuta zenyewe. Hii ndo ya ofisi, ya wakili, ya mhasibu, ya shule inayotaka kuingiza mafaili ya wanafunzi. Picha za familia usizipitishe humo, na hati ambayo imebaki nakala moja tu na imelegea kwenye mikunjo usiithubutu, au uiweke kwanza ndani ya ile bahasha ya plastiki angavu ambayo baadhi ya kampuni zinatengeneza kwa kazi hiyo.

Zipo pia ndogo za mkononi zinazopitisha karatasi moja moja kwa umeme wa USB, nzuri kwa afisa anayezunguka vijijini kuwaona wateja. Na zipo za juu, zenye kamera kwenye mlingoti inayotazama meza chini, kama za CZUR au ScanSnap SV600, hizo ni za vitabu ambavyo huwezi kuvigeuza wala kuvikandamiza. Maktaba za misikiti na makanisa zenye maandiko ya kale ziangalie hizi, siyo kioo.

Hatua ya 4: soma namba kwa akili

dpi ni wingi wa nukta katika inchi moja. Kwa nyaraka 300 inatosha, hata programu za kusoma maandishi zinapendelea hapo hapo. Barua ya kutuma kwa haraka 200 inasomeka. Picha ndogo ya passport unayotaka kuikuza weka 600. Negativu ya 35mm ndo inataka 2400 kwenda juu, kwa sababu kitu chenyewe ni kidogo mno.

Na dpi ina gharama. Karatasi ya A4 kwa 300 dpi ni nukta 2480 kwa 3508, kwa rangi kabla haijabanwa ni kama MB 26. Ukipandisha 600 siyo mara mbili, ni mara nne, zaidi ya MB 100 kwa ukurasa mmoja, na 1200 mara nne tena. Kwa hiyo mtu anayeskani mikataba kwa 1200 akidhani anapata ubora anajaza diski tu na skana inakwenda polepole. Halafu kwenye boksi angalia neno "optical", hiyo ndo namba ya kweli ya jicho lenyewe. Ile nyingine kubwa zaidi inayoandikwa "interpolated" ni programu inabuni nukta za katikati, haijaona kitu kipya.

Hatua ya 5: kwa wa ofisini, ichunguze fida

Swali la kwanza, inaskani pande mbili kwa mkupuo mmoja? Printa nyingi za kazi zote zenye fida zinavuta upande mmoja tu, ukimaliza unageuza bunda lote unalirudisha, unapata kurasa 1, 3, 5 huku na 2, 4, 6 kule. Kama ndo uliyonayo tayari, programu ya bure ya NAPS2 ina sehemu ya kuzisuka zile kurasa zikae kwa mpangilio, hiyo itakuokoa. Ila kama unanunua leo na nyaraka zako zimechapwa mbele na nyuma, usikubali ya upande mmoja.

Swali la pili ni kasi, na hapa wauzaji wanachanganya watu. Skana ya karatasi 40 kwa dakika ikisoma pande mbili kwa pamoja inatoa picha 80 kwa dakika, tangazo moja litaandika 40 lingine 80 na ni mashine ile ile. Uliza karatasi, siyo picha. ScanSnap iX1600 ni karatasi 40 kwa dakika na trei ya 50, Epson DS-530 ni 35 na trei ya 50, Fujitsu fi-7160 ambayo unaikuta sana kwenye mabenki na maofisi makubwa ni 60 na trei ya 80. Na usishangae ukiona mashine zile zile za Fujitsu zinauzwa kwa jina la Ricoh, jina lilibadilika 2023.

Swali la tatu ndo muhimu kuliko kasi: ina kigunduzi cha karatasi mbili? Skana nzuri zinapitisha mawimbi ya sauti usiyoyasikia kwenye karatasi inapopita, karatasi mbili zikishikana ile hewa katikati yake inapunguza mawimbi, mashine inasimama na kukwambia. Isiyo nacho inazipitisha zote mbili kimya kimya, ukurasa wa 18 unakosekana kwenye faili, na utajua siku unayouhitaji mbele ya hakimu au mkaguzi wakati karatasi zenyewe zimeshapelekwa ghala la mbali. Kwa ofisi mimi bora upunguze kasi ununue hiki.

Mwisho raba za kuvutia. Zinaisha, kwenye vumbi letu zinaisha mapema, na mwongozo wa mashine unaandika zibadilishwe baada ya karatasi ngapi. Kabla ya kulipa uliza kama raba za modeli hiyo zinapatikana mjini au mpaka ziagizwe nje.

Hatua ya 6: draiva, kabla ya hela kutoka

Draiva ni programu inayoiwezesha kompyuta kuiendesha skana. Ingia tovuti ya kampuni, tafuta modeli hiyo, angalia kama ina draiva ya Windows uliyonayo. Usichukue maneno ya "inakubali zote". Skana nyingi za zamani zinafanya kazi vizuri kabisa ila kampuni ilishaacha kutoa draiva, na laptopu mpya za Windows zenye prosesa ya Snapdragon nazo zinagoma draiva nyingi zilizotengenezwa kwa Intel. VueScan ni programu ya kulipia inayofufua maelfu ya skana zilizotelekezwa hivyo, kwa hiyo skana ya mtumba ya bei poa ukijumlisha na VueScan inaweza bado kuwa na maana, piga hesabu.

Kama ofisi yenu ina mfumo wa kutunza nyaraka unaoita skana moja kwa moja, muulize mtu wa IT unataka TWAIN au ISIS, yaani njia mbili ambazo programu hutumia kuzungumza na skana. Familia ya ScanSnap kwa miaka mingi imekuja bila TWAIN, ni nzuri sana kwa mtu binafsi, lakini kuna ofisi zimeinunua zikakuta mfumo wao hauioni. Familia ya fi, kama ile fi-7160, inazo zote mbili. Wa Linux angalieni orodha ya SANE, mfumo wa Linux wa kuendesha skana, na skana mpya za waifai zinazotumia eSCL, njia ya kuskani kupitia mtandao, zinakubali hata bila draiva.

Hatua ya 7: kama ni ya mtumba

Skana za mtumba kutoka Ulaya, Dubai na Japani zinaingia kwa wingi na nyingi ni mashine za ofisi kubwa kwa bei ya skana ndogo mpya, siyo jambo baya, ila zijaribu. Angalia adapta kwanza, iwe imeandikwa INPUT 100-240V. Ikiwa 100V au 120V peke yake usiichomeke kwenye umeme wetu wa 230V. Kama ni ya kioo tafuta kufuli ya usafirishaji chini au pembeni, zile za zamani zinayo, ikiwa imefungwa mashine inalia tu haisogei na watu wanadhani imekufa.

Nenda na laptopu yako yenye draiva tayari na karatasi zako mwenyewe. Pitisha karatasi nyeupe tupu kwa rangi, halafu kuza picha. Ukiona mstari wima ulionyooka kutoka juu mpaka chini usikimbie, na usimruhusu muuzaji akwambie "hiyo ni setingi". Kwenye fida jicho limesimama, karatasi ndo inapita, kwa hiyo punje moja ya gundi au ya wino mweupe wa kufutia ikikaa kwenye kile kioo chembamba inachora mstari ukurasa mzima. Punje ile ile kwenye kioo kikubwa ingeacha doa tu, maana pale jicho ndo linalotembea. Zima mashine, chukua kitambaa laini kisichoacha nyuzi kilicholowa kidogo spiriti, futa kile kioo chembamba, rudia. Mstari ukiondoka nunua, ukibaki pale pale shida iko ndani, achana nayo. Baada ya hapo pitisha bunda la karatasi mchanganyiko, nene na nyembamba, uone kama raba zinashika au zinateleza, kisha pitisha kitambulisho kimoja.

Hatua ya 8: ukishafika nayo nyumbani

Weka 300 dpi, rangi, PDF, hiyo iwe kawaida yako. Ile ya nyeusi na nyeupe inavutia kwa sababu faili linakuwa dogo, ila mhuri wa bluu au wa zambarau uliogongwa hafifu unapotea kabisa, na cheti kisichoonyesha mhuri kinarudishwa. Unapopandisha vyeti Ajira Portal, BRELA au bodi ya mikopo na faili limezidi saizi, shusha mpaka 200 dpi au rangi ya kijivu huku ukikagua mhuri bado unaonekana. Usikimbilie tovuti za bure za kubana PDF, pale unakuwa umemkabidhi mtu usiyemjua nakala ya cheti chako na namba ya NIDA.

Washa usomaji wa maandishi ili uweze kutafuta neno ndani ya faili. NAPS2 inatumia injini ya Tesseract na Tesseract ina Kiswahili, kichague, maana ukiiacha kwenye Kiingereza inageuza maneno yetu kuwa mengine. Majina ya mafaili anza na mwaka, 2024-03-15 mkataba wa pango, yatajipanga yenyewe.

Wenye steshenari hili ni lenu. Nakala za wateja zinabaki kwenye folda ya skana au kwenye desktopu, miezi na miezi, kila anayekaa kwenye ile kompyuta anaziona. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, Kenya wanayo yao ya 2019, na kitambulisho cha mtu ni taarifa binafsi. Ielekeze skana ihifadhi kwenye folda moja tu, mteja akishapata faili lake futa mbele yake, na jioni kabla ya kufunga futa folda lote pamoja na kilichomo kwenye kapu la takataka.

Kabla hujaanza fungu kubwa chomoa pini zote, nyoosha pembe zilizokunjika, pepeta bunda hewa iingie katikati. Skani kurasa kumi za mwanzo, fungua faili kwenye simu siyo kwenye skrini kubwa ya ofisi, hesabu kurasa, kuza kwenye sahihi na mhuri. Zikisomeka hapo endelea na zilizobaki.